Kuku wa Kreta

Cresensia alipoinua mfuniko wa friza Jumatano ile asubuhi, hakuwa anatafuta ugomvi. Alikuwa anatafuta maharage aliyoyachemsha Jumatatu, awaungie watoto kwa vitunguu vya Mang'ola alivyoletewa na jirani. Chini ya maharage akakuta mifuko mitatu mizito imefungwa fundo. Akafungua mmoja. Mapaja ya kuku, yameganda yakashikana. Akabandua moja, akalisogeza dirishani kwenye mwanga. Upande mmoja lilikuwa zima, limekaangwa likaiva vizuri. Upande wa pili palikuwa na pengo, na kwenye ukingo wa pengo alama za meno, za juu na za chini, zimeganda vilevile zilivyoachwa na mwenye mdomo wake.

Akalirudisha, akafunga fundo, akaenda kunawa mikono kwa sabuni mara mbili, kisha mara ya tatu. Kinyaa hakikutoka kwa sabuni.

Asiyekaa Karatu itabidi aelezwe. Huu ni mji unaoishi kwa watalii wanaokwenda Ngorongoro. Kila alfajiri hoteli zinafunga visanduku vya karatasi ngumu, wenyewe wanaviita lanchi boksi: paja la kuku, yai la kuchemsha, kipande cha keki, ndizi, juisi. Mtalii anashuka nacho Kreta, lile shimo kubwa la Ngorongoro lenye wanyama, mchana anakifungua pale Ngoitokitok penye bwawa la viboko, anauma mara mbili, anapiga picha kiboko, anasema ameshiba. Kinachobaki ni cha dereva. Hilo halina aibu. Nusu ya watoto wa Karatu wamekua na juisi na chokoleti za Kreta, na baba akirudi nazo jioni wanampokea kwa shangwe. Lakini kuna mpaka, na kila dereva anaujua bila kufundishwa: unabeba kisichofunguliwa. Kilichoumwa kinaingia kwenye mfuko wa taka, kama mwewe hajakiwahi.

Modest, mume wa Cresensia, alikuwa anakiwahi yeye.

Haikuanza hivyo, na hapo ndipo palipomuuma Cresensia zaidi. Ilianza na jambo zuri. Mwaka uliopita, mwezi wa sita, Modest aliendesha familia moja kutoka Ufilipino kwa siku tatu. Baba alikuwa baharia, mama anaitwa Lorna, watoto wanne. Watu wenyewe walikuwa wachangamfu, na walikuwa wamekuja na sufuria yao ndogo ya umeme ya kupikia wali, wanaichomeka chumbani hotelini ili wasinunue chakula cha usiku. Soda ya hotelini waliangalia bei, wakacheka, wakanywa maji yao. Gari liliposimama kusubiri simba aamke, Mama Lorna alimweleza Modest jinsi alivyosomesha watoto na kujenga nyumba kwa mshahara wa mume anayeonekana nyumbani mara moja kwa mwaka. Siri yake ilikuwa bahasha. Hela ikiingia tu, inagawanywa: bahasha ya chakula, ya shule, ya kanisa, ya ugonjwa, ya nyumba. Bahasha ikiisha, imeisha, hukopi kwenye bahasha nyingine. Na wali wa usiku haumwagwi. Asubuhi unakaangwa na vitunguu saumu, watoto wanakula wanakwenda shule.

Modest alirudi nyumbani macho yanawaka. Kesho yake akanunua bahasha za kaki, akaziandika kwa kalamu nene, akazipanga kwenye droo. Cresensia alifurahi, tena alifurahi kweli. Kabla ya hapo hela za Modest zilikuwa zinayeyuka tu kati ya msimu na msimu, na miezi ya mvua kubwa, watalii wakipungua, walikuwa wanaishi kwa kubahatisha. Bahasha ziliwatoa huko. Ada ya binti yao Eva ililipwa mapema. Mawe ya msingi yakafika kwenye kiwanja. Cresensia mwenyewe, kwa cherehani yake pale barazani, alikuwa anatia chake kwenye bahasha bila kuombwa.

Kisha Modest akaipenda ile bahasha ya ujenzi kuliko watu waliokuwa wajengewe. Ikawa inanona, na ya chakula inakonda. Nyama ikawa ya Jumapili, halafu ya mwisho wa mwezi, halafu ikawa ya Kreta. Siku ya kwanza aliyoleta mapaja, Cresensia aliyamimina kwenye sinia akidhani ni mazima. Paja la tatu lilikuwa na meno. Alikimbilia nje akatapika kwenye migomba. Aliporudi, Modest alikuwa ameshayakata sehemu zilizoumwa kwa kisu, ameshayatia kwenye mafuta.

"Moto unaua kila kitu, Mama Eva," alisema, anageuza kwa uma kwa utulivu kabisa. "Wale watu ni wasafi kuliko mimi na wewe. Wanaoga mara mbili kwa siku."

"Hata wakioga mara kumi. Ni mate ya mtu, Baba Eva."

"Mama Lorna hatupi chakula."

"Mama Lorna alikuwa anakaanga wali wa sufuria yake! Walioupika wenyewe, waliouacha watoto wake mwenyewe! Alikwambia uokote mifupa mezani kwa watu?"

Modest aliepua kikaango. Alipakua. Watoto watatu, Eva na wadogo zake Joseph na Clemensi, walikula, kwa sababu watoto wakipewa kuku wanakula.

Ungedhani mwanamke angekwenda kushtaki mahali. Aende kwa nani? Modest hanywi. Modest hana mwanamke wa nje. Modest kila Jumamosi kwenye jumuiya anasimama kufundisha wenzake habari za bahasha, na kina mama wanamgeukia Cresensia wanamwambia, "Dada una bahati, wa kwangu hata sijui anapata shilingi ngapi." Cresensia anatabasamu, na kile kinyaa kinampanda mpaka masikioni. Ukisema mumeo mlevi, kila mtu anakuelewa. Ukisema mumeo anaweka akiba, utaambiwa umeshiba.

Basi akanyamaza. Akajifunza kuchambua. Modest akileta mfuko, yeye anajifungia jikoni, anakata kila palipoguswa na jino, anatupa ngozi, anachemsha na ndimu mpaka harufu ya kuku yenyewe inapotea, halafu anazamisha kwenye mchuzi mzito, watoto wasione. Miezi minane alifanya hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa anakula ugali na mboga, na akiulizwa anasema nyama ameshakula jikoni.

Ila Jumatano hii ilikuwa tofauti. Jumapili Eva alikuwa apokee kipaimara. Mama yake Cresensia, Bibi Angelina, alikuwa anakuja kutoka Endamarariek, na alishatuma salamu kwamba anakuja na dada zake wawili. Huyu Bibi Angelina alikuwa mjane aliyelea watoto sita kwa jembe. Maisha yake yote mgeni hajawahi kutoka kwake na njaa, na mwaka wa ukame aliwahi kuchinja mbuzi wake wa mwisho kwa ajili ya katekista aliyepita njia. Hajawahi kula mezani kwa Modest chakula cha sikukuu. Na pale kwenye friza mifuko mitatu ilikuwa imehifadhiwa kwa ajili ya nani, kama si kwa ajili yake?

Modest aliporudi jioni, hata viatu hajavua, Cresensia alikuwa amesimama mlangoni.

"Ile mifuko ya kwenye friza ni ya nini?"

"Ya akiba."

"Baba Eva, nakuuliza mara moja tu. Unataka kumlisha mama yangu makombo?"

Modest akakaa kwenye kochi, akaanza kufungua kamba za kiatu. "Unajua mbuzi sasa hivi ni shilingi ngapi? Hela ya mbuzi ni mabati. Watu wanakula saa moja, wanaondoka, wewe unabaki huna bati."

"Nitavujiwa na mvua. Mama yangu hali mate ya watu."

Alipolisema hilo, Modest akamwangalia usoni kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu. Pengine aliona kitu. Akainua mikono. "Haya, Mama Eva. Yaishe. Nitaongea na mtu wa machinjioni, Jumapili tukishatoka aje achinje mbuzi hapahapa uani. Mama Nanyokie hapo jirani atatupikia sisi tukiwa kanisani. Umeridhika?"

Cresensia aliridhika. Zaidi ya kuridhika, alimwonea mumewe huruma kidogo, kwa vile alivyokubali haraka. Ijumaa alipofungua friza, ile mifuko haikuwepo. Akajua ameitupa. Alikaa kwenye cherehani yake akamalizia gauni jeupe la Eva, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alikuwa anaimba.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Eva alipakwa mafuta, akarudi kwenye benchi uso umenyooka. Bibi Angelina alilia waziwazi, anajifuta kwa ncha ya khanga mpya. Baada ya misa walirudi nyumbani kwa miguu, kundi zima, shangazi wanapiga vigelegele barabarani, na vumbi jekundu la Karatu linawapanda kwenye viatu. Modest alikuwa mbele amemshika Eva mkono. Ukimwona ungesema ni baba wa kupigiwa mfano.

Cresensia aliwapita wote akaingia uani. Mama Nanyokie, jirani yao Mmasai aliyehamia kutoka upande wa Ngorongoro, alikuwa ameinamia sufuria kubwa. Harufu ya pilau ilikuwa nzuri mno. Cresensia akaangalia huku na huku. Hakuna ngozi ya mbuzi. Hakuna kichwa, hakuna utumbo kwenye beseni, hakuna hata damu chini.

"Mbuzi yuko wapi, Mama Nanyokie?"

"Mbuzi gani?" Mama Nanyokie akajifuta jasho. "Baba Eva aliniletea nyama ya kuku tangu Alhamisi, beseni zima, nikaiweka kwenye friza yangu. Tena amenirahisishia kazi, alikuwa ameshaichambua yote mwenyewe. Safi, haina hata mfupa mmoja."

Haina hata mfupa mmoja. Cresensia akamwona Modest akilini vile alivyokuwa, Alhamisi ile yeye akiwa amempeleka Eva mazoezini kanisani: amekaa jikoni na beseni, ananyofoa nyama kwa vidole, mfupa baada ya mfupa, ili jino lolote lisionekane. Mtu anayeamini chakula ni kizuri hakifichi. Alijua. Siku zote hizi, anazungumzia usafi wa wazungu na moto unaoua kila kitu, alikuwa anajua ni uchafu, na aliuchambua kwa mikono yake apate kumlisha mama mkwe wake.

Akataka kuipiga teke ile sufuria. Lakini sebuleni shangazi walikuwa wameshakaa, wageni wa jumuiya wanaingia, na Eva katika gauni lake jeupe anapita anapokea mikono ya watu. Kusema ni kumvua nguo mtoto siku yake. Kunyamaza ni mama yake ale. Alisimama pale uani, hajui aelekee wapi, mpaka Sylvesta alipoingia.

Sylvesta alikuwa dereva mwenzake Modest, kijana mwenye maneno mengi na roho safi. Alipitia geti la nyuma, bahasha ya zawadi ya Eva mkono mmoja, mfuko mkono mwingine.

"Shikamoo shemeji. Hongereni sana." Akauinua ule mfuko. "Hii nimewaletea mbwa. Jana nilikuwa na wageni kumi na wawili Kreta, wameacha mapaja vibaya mno. Nikasema Modest hayupo zamu, mbwa wake watalala njaa."

"Mbwa?"

"Si wale mbwa wenu wanne! Sisi kila siku tunamwambia, kaka, hao mbwa wanakula vizuri kuliko sisi." Sylvesta akachungulia nyuma ya banda, kisha pembeni ya tangi la maji. "Mnawafunga wapi? Mbona sisikii hata kubweka?"

Nyumba ile haikuwa na mbwa. Haijawahi kuwa na mbwa. Wanaokula nyama ya Kreta katika nyumba ile walihesabika: Eva, Joseph, Clemensi, na yeye mama yao, ambaye Modest alikuwa na hakika kwamba anakula. Wanne.

Cresensia hakulia. Alijisikia mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji machafu, yanateremka taratibu ndani ya nguo. "Karibu ndani, shemeji," alisema. "Mfuko uache hapohapo chini."

Aliingia sebuleni wakati Mama Nanyokie anapakua. Sahani ya kwanza, kwa heshima, ilikuwa imeshapewa Bibi Angelina. Alikuwa ameiweka mapajani, anainusa, anawaambia dada zake, "Mnaona mkwe wangu? Kuku tupu, hata mfupa hakuna. Hiki chakula cha hotelini." Akashika kijiko.

Cresensia akavuka chumba, akaichukua sahani mapajani kwa mama yake. Hakuipokonya, aliichukua kwa mikono miwili, kama anayepokea.

"Aayo, mama yangu, subiri kidogo," alisema. "Leo ataanza mwenye nyumba."

Akaipeleka mpaka kwa Modest, aliyekuwa amekaa karibu na redio anawagawia wageni soda. Akamwekea mkononi. "Baba Eva amehangaika sana na chakula hiki," aliwaambia watu, na sauti yake ilitoka tulivu mpaka yeye mwenyewe akashangaa. "Alikiandaa kwa mkono wake. Tumheshimu, aonje kwanza."

Watu walipiga makofi. Mtu wa jumuiya akasema, "Safi sana." Modest akacheka, akashika kijiko, akachota wali mtupu pembeni, akatafuna.

"Na nyama," Cresensia akasema.

"Nitakula tu. Wageni kwanza."

"Nyama, Baba Eva."

Makofi yaliisha. Modest alichota, kijiko kikapanda mpaka karibu na mdomo, kikasimama. Hapo ndipo Cresensia alipojaribu kukumbuka siku hata moja, katika miezi yote minane, aliyomwona mumewe akitia nyama ile mdomoni, na hakuikuta. Kila mara alikuwa na sababu: alikuwa ameshakula na wenzake. Alikuwa ameshiba. Alikuwa na kiungulia. Mtu huyu alikuwa amekaa meza moja na wanawe, anawatazama wakimeza, na yeye mwenyewe hajawahi kuonja, kwa sababu alikuwa anaona kinyaa kama mtu mwingine yeyote mwenye akili timamu.

Midomo ya Modest ilifunguka, ikafumba. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Kule mlangoni Sylvesta alikuwa ameangalia sahani, akaangalia uani alikoacha mfuko, akaangalia sahani tena, na taratibu kabisa akaweka yake chini bila kuigusa.

"Cresensia," mama yake alimwita. "Kuna nini?"

Kabla hajajibu, Eva alisogea. Alipita katikati ya magoti ya shangazi, gauni jeupe amelikusanya lisikanyagwe, akachuchumaa mbele ya baba yake, akamwekea mkono gotini. Alimwonea huruma baba yake, ilionekana usoni.

"Baba, fumba macho tu," alisema, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto anayegoma kunywa dawa. "Ukifumba macho unasahau yale meno. Mimi na Joseph huwa tunafanya hivyo. Clemensi bado hajui."

Chumba kizima kilisikia. Modest aliteremsha kijiko, akaangalia sakafu, na hakuna aliyemtazama tena.

Cresensia alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe. Miezi minane alikata, alichemsha, alizamisha kwenye mchuzi, akijiambia kwamba anawaficha watoto. Hakuwa amemficha mtu. Aliyekuwa akipakua ni yeye, aliyekuwa akisema "kuleni" ni yeye, na watoto walikuwa wakifumba macho mbele yake, kwa ajili yake, ili mama asijue kwamba wanajua. Kinyaa chote alichokuwa amemwekea Modest kilimgeukia, kikamkaa mikononi.

"Meno?" Bibi Angelina aliuliza. "Meno ya nani?"

Cresensia akaenda akapiga magoti mbele ya mama yake, akaanza kumwambia, tangu siku ya kwanza, na hakuacha sehemu yake.